Kumbukumbu ya Mradi: Rejista ya Watu wa Kazi, Kisumu

Awamu hii ilikuwa ya kukusanya majina yote yaliyotawanyika katika simu, madaftari na bahasha ya kadi za biashara, na kuyaweka katika lahajedwali moja. Kwa kuwa kazi yangu ni kufunga pampu za sola kati ya Kisumu, Ahero na Busia, rejista ina maafisa wa kilimo wa kaunti, viongozi wa vyama vya wakulima, wenye maduka ya vifaa na wachimba visima.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoipanga kwa majina. Majina mengi ya Kijaluo hufuata wakati wa kuzaliwa, hivyo akina Otieno na Akinyi wamejaa simuni, na hata kumwandika mtu "Otieno Kaunti" hakufai kitu akishahamishwa. Safuwima ya kwanza sasa ni mahali tulipokutana, ya pili ni aliyetutambulisha, kisha tulichozungumza, ndipo jina linafuata. Nikichuja kwa neno Ahero, wanabaki wakulima wa mpunga peke yao, na sura zao hunijia kabla sijasoma majina.

Namba za simu zimeandikwa zote kwa +254 na safuwima yake ikawekwa kuwa ya maandishi, la sivyo programu huidhania 07 au 01 kuwa hesabu na kuimeza sifuri. Orodha niliyopakua kutoka LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, ilileta jina, kampuni, cheo na tarehe ya kuunganishwa, ila anwani za baruapepe ni chache, kwani hutolewa za wale walioruhusu tu.

Iliyonisumbua zaidi ni safuwima ya "mengineyo". Washauri wa biashara hupenda kusema uandike majina ya mke na watoto wa kila mtu, ili mkikutana tena umjulie hali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inayahesabu majina ya watoto, wazazi na wenzi wa ndoa kuwa data nyeti, sawa na hali ya afya na imani. Na hata pasipo sheria, simu husahaulika kwenye matatu. Mahali pake nimeweka "ahadi": nani alimwahidi nani kitu gani, na kwa lini. Afisa mmoja aliahidi kunitumia vipimo vya kisima, nami nikamwahidi bei ya paneli. Maneno hayo machache yananipa sababu ya kumpigia kuliko salamu yoyote ya kubuni.

Sifuti mtu kwa kuwa hatujaonana siku nyingi. Katika makala yake ya mwaka 1973, mwanasosiolojia Mark Granovetter wa Marekani alionyesha kwamba, miongoni mwa waliopata kazi kupitia watu waliowajua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na watu hao mara kwa mara; asilimia 55.6 walionana nao mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Kwangu pia, fundi niliyezungumza naye mara moja sokoni Kibuye ndiye aliyenipeleka kwa wakulima wa Ahero.

Kilichobaki ni kutia rangi ahadi zilizopitwa na tarehe, na kuhifadhi nakala ya akiba yenye nywila. Kadi zisizo na mahali wala tarehe zinabaki katika bahasha mpaka wenyewe wapige simu.