Swali la saa 12 jioni

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa na wanachuo 43 wa diploma ya ualimu, tukiwa katikati ya mada ya ngeli, yaani makundi ya nomino. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaweka notsi za PDF, nikasubiri. Wakajiunga 26. Wale 17 waliobaki walikuwa wamerudi kwao, Ludewa, Makete, Mbinga, wengi wakiwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Mmoja alinieleza kwamba mtandao anaupata akipanda kilimani nyuma ya shule ya msingi, na bando la kupakua faili hana.

Iliniuma. Nilikuwa nawafundisha wale wenye nafuu tu.

Nikahamia kwenye SMS za kawaida. Kila siku saa 12 jioni nilituma swali moja kwa wote 43, na majibu yalirudi kwangu. SMS moja inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Swali lisipoenea humo, aghalabu ni mimi sijalielewa vizuri, kwa hiyo nilikuwa nalikata mpaka libaki mfupa.

Wiki ya kwanza salio liliisha upesi, nami sikujua kwa nini. Kumbe nilikuwa naandika kwenye kompyuta kisha nahamishia kwenye simu, na kompyuta inapinda ile alama ya juu katika ng'ombe. Alama iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za SMS, na ikiingia hata moja tu, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe unakatwa vipande, na kila kipande kinalipiwa. Tangu hapo ng'ombe namwandika kwa kidole, kwenye simu yenyewe.

Jioni moja nikauliza: "Je, mtoto na kitoto ni ngeli moja? Thibitisha kwa sentensi 2." Jibu hili lilitoka kwa kijana ambaye darasani sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "nipo" wakati wa mahudhurio:

"Shikamoo mwl. Mtoto analia, kitoto kinalia. Upatanisho umebadilika, ngeli si moja. Ila mwl, mbona kiboko anakula na si kinakula? Naye ana KI."

Nililisoma nikiwa jikoni, nikazima jiko. Tofauti ya kigezo cha umbo, yaani neno linavyoanza, na kigezo cha upatanisho, yaani kitenzi kinavyolifuata, nilikuwa nimeipanga kwa wiki mbili mbele, na yeye ameifikia mwenyewe. Kwa umbo, kiboko anakaa na kitabu. Kwa upatanisho, anakaa na mtu. Kesho yake nikalituma swali lake kwa wote bila kutaja jina. Yakaja kifaru, kipepeo, chura, kiongozi, kipofu. Kisha binti mmoja akaandika: "Mwl, kiboko cha mwalimu mkuu kinauma." Neno ni lilelile, lakini likiwa fimbo linarudi kwenye KI. Hoja hiyo haikuwemo hata kwenye notsi zangu.

WhatsApp sikuiacha. Ninaitumia kwa matamshi, kwa sababu sauti iliyorekodiwa inanionyesha nani anasema "samani" akikusudia thamani, na ninaweza kumrudia mara tatu bila kumwaibisha mbele za wenzake.

Mipaka ninaishika sana. Situmi kitu baada ya saa 2 usiku, na simtumii mwanachuo mmoja neno ambalo nisingeweza kuwatumia wote. Binti wa chuo akiona jina la mkufunzi kwenye simu saa 5 usiku, hata kama ni swali la ngeli, moyo unamshtuka, na ana haki ya kushtuka.

Tulirudi chuoni tarehe 1 Juni. Swali la jioni likaendelea, na madarasa yaliyofuata yamelirithi.

Yule kijana wa kiboko sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Juzi, saa 12 na robo jioni, simu ikalia: "Shikamoo mwl. Mtoto wa darasa la 4 kaniuliza, mbona tunasema rafiki yangu na si rafiki wangu, wakati rafiki ni mtu? Nimemwambia nitamjibu kesho."

Nikaketi, nikaanza kuhesabu herufi.