Gonga usikie: nilivyojitengenezea kikombe cha chai Jingdezhen

Kila aliyesikia naenda Jingdezhen, mji wa kauri huko China, alinipa ushauri uleule: "Gonga kwa kucha. Kikilia kama kengele, hiyo ni kazi ya mkono." Mwingine akaongeza nikiinue juani, mwanga ukipenya ndicho chenyewe. Nawashukuru wote. Wamenitia hasara.

Nilikuwa nasoma Nanchang, mkoa huohuo wa Jiangxi, kwa hiyo safari ni treni tu. Nikaingia soko la kwanza nililoliona, nikawa nagonga vikombe kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa. Nilikuwa natafuta gaiwan, yaani kile kibakuli cha chai kisicho na mkono, chenye kisahani chini na kifuniko juu. Majani unayaweka humohumo, unamimina maji ya moto, na kifuniko ndicho kinachozuia majani yasikufuate mdomoni. Moja ikalia tiii, ndefu na safi. Nikaiinua juani, kivuli cha vidole vyangu kikaonekana kwa upande wa pili. Muuzaji akaapa kwamba maua ya buluu yamechorwa kwa brashi. Nikatoa yuan mia tatu na kitu, hela yangu ya kula wiki nzima na ushei.

Usiku bwenini nikapiga picha ya karibu nimtumie dada yangu. Kuikuza tu, ua zima ni vidoti, kama picha ya gazeti. Stika! Brashi haina vidoti: rangi inakuwa nzito pale inapotua na nyepesi pale inapoondoka. Na ule mlio? Kauri yoyote iliyoiva vizuri na isiyo na ufa inalia, hata ile inayomiminwa kwenye kalibu kiwandani. Mwanga nao unapenya kauri yoyote ya aina hii ikiwa nyembamba. Nilipigwa mchana kweupe, macho yamenitoka pima.

Hasira ikaniambia kama kununua siwezi, basi nitatengeneza.

Likizo ilipofika nikapata karakana ya mzee mmoja ambaye kila mtu anamwita Shifu, kama sisi tunavyosema "fundi" kwa heshima. Nililipa kidogo, sehemu nyingine nikalipa kwa kufagia. Nilipomwambia nataka kufanya kila kitu mwenyewe, alicheka mpaka akaweka chini sigara. Mwaka 1637 msomi wa Kichina, Song Yingxing, aliandika kwamba kikombe kimoja hupita mikononi mara 72 ndipo kiwe kikombe. Mpaka leo pale Jingdezhen utamkuta mtu anafinyanga tu, mwingine anachonga tu, mwingine anachora tu, maisha yake yote. Mimi nilikuja na mikono miwili na wiki tatu.

Kufinyanga sisimulii, ukikaa utaweza. Ila jua kwamba udongo huu si wa chungu. Ni kaolini, jina lililotokana na kilima cha Gaoling kilicho jirani, ikichanganywa na jiwe jeupe lililotwangwa. Hauvutiki. Ukitaka uwe mwembamba hapohapo kwenye gurudumu, udongo unachoka na kukaa chini. Kwa hiyo unafinyanga kinene, unakianika, halafu wembamba wote unakuja kwa kisu.

Hapo ndipo nilipoumbuka.

Kikombe kilichokauka kinawekwa kifudifudi kwenye gurudumu, linazunguka, nawe unakichonga kwa chuma kilichopinda. Vumbi linaruka kama sembe mashineni (vaa barakoa, mimi siku ya kwanza nilipiga chafya nyeupe). Cha kwanza nilichonga kwa raha, nikijiona fundi, mpaka kitako kikaruka na kugonga ukuta. Nikabaki na pete ya udongo. Cha pili niliogopa, nikaacha mapema, kikawa kizito kama kinu. Cha tatu, pete nyingine. Shifu hakusema kitu. Akasimamisha gurudumu, akagonga ubavu wa kikombe kwa kidole: dup. Akachonga kidogo, akagonga: dap. Akachonga tena, akagonga, akanitazama. Sauti ilikuwa imebadilika.

Kumbe wachongaji wanapima unene kwa sikio! Ushauri uleule ulionitia hasara dukani, huku ndio kazi yenyewe. Tatizo ni kwamba sikio langu halikuwa na cha kulinganisha. Basi nikaomba kikombe kibichi alichokimaliza Shifu, nikakiweka pembeni. Nagonga chake, nagonga changu, nachonga, nagonga tena, kama mpiga ngoma anayewamba. Redio nikazima. Siku hiyo vikatoka vinne bila kutoboka, na Shifu akanipa sigara. Sivuti, lakini niliipokea kwa mikono miwili.

Viwili kati ya hivyo niliviua mwenyewe kwenye glezi, yaani ule uji unaogeuka ngozi ya kioo tanurini. Unatumbukiza na kutoa mara moja. Mimi nikahesabu hadi kumi ili ishike vizuri, udongo mbichi ukanywa maji, nikavua uji.

Kuchora, ambako huja kabla ya glezi, nilichora mkonge, maana mimi ni wa Tanga. Kobalti, ile rangi ya kuchorea, ikiwa mbichi ni ya kijivu kama mkaa, buluu unaiona baada ya tanuri. Shifu alinisifia kwa nanasi langu zuri. Tanuri linafika nyuzi 1,300 hivi na kikombe kinasinyaa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo kifuniko kichomeni pamoja na mwenzake, la sivyo hawatafaana tena. Ikatoka gaiwan moja nzima. Hiyo nyingine ilipinda kama sikio.

Nikaisafirisha ndani ya soksi, ndani ya sufuria ndogo, kwenye begi la mkononi.

Tanga nikampelekea mjomba, ambaye ameuza kahawa barazani tangu sijazaliwa. "Shikamoo, mjomba. Hii nimeitengeneza mwenyewe."

"Marahaba, mjomba. Finjani kubwa tu hii." Akaichapa kwa kucha, mara moja. "Ina ufa."

Nikabisha. Nikagonga mwenyewe: ko, butu. Nikaiinua juani nikauona, mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni hadi kwenye ncha ya mkonge. Yeye kila asubuhi anagonga finjani zake zote kabla ya kuzitoa nje.

Akamimina kahawa humo hivyohivyo, akaishika kwa ncha za vidole pale ukingoni kunakopanuka, ambako hakuunguzi. Mimi kushika hivyo nilijifunza kwa malengelenge mwezi mzima. Akanywa, akageuza akatazama kitako.

"Haivuji," akasema.