Crown yangu ya 2005 na mrithi wake

Mwezi Agosti mwaka 2022 nilikuwa namtoa Baba Same kumleta kliniki ya mgongo Muhimbili, na kabla hatujafika Korogwe nilijikuta nahesabu matuta, kwa sababu kila tuta lilitoa mlio mzito chini ya gurudumu la mbele kushoto, na kila mlio ulimfanya Baba ashike mpini wa mlango. Hakulalamika hata mara moja. Mzee wa miaka 78 aliyesafiri kwa mabasi njia hiyo tangu ujana wake halalamiki akipandishwa Crown. Lakini nilimwona kwenye kioo, na usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba gari limefika mwisho na inabidi tutafute jingine.

Gari lenyewe ni Toyota Crown Athlete ya mwaka 2005, ya lita 2.5, tuliyoinunua mwaka 2014 ikiwa na kilomita 81,000; siku ile ilikuwa imefika 168,000. Ni ya kizazi cha S180 kilichotoka Desemba 2003, ambacho Toyota walikitangaza kwa jina la Zero Crown, kwa maana ya kuanza upya: waliiacha injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja wakaweka ya V6, na wakabadilisha chasisi. Crown imekuwepo tangu mwaka 1955, na kwao Japani imezoeleka kuwa gari la mkurugenzi anayekaa nyuma akaendeshwa. Hiyo ndiyo sababu kiti chake cha nyuma kimefikiriwa kuliko cha magari mengi ya bei yake, na hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niipende, maana abiria wangu mkuu anakaa nyuma.

Mume wangu hakuchukua siku tatu. Aliipata kwenye yadi Athlete nyeupe ya mwaka 2010, ya lita 2.5 vilevile, lakini ya S200, yaani kizazi kilichoirithi ya kwetu Februari 2008 na kuendelea hadi mwisho wa 2012. Bei yake ilikuwa shilingi milioni 26. Ya kwetu dalali aliikadiria milioni 9 na nusu, kwa hiyo pengo la kuziba lilikuwa milioni 16 na nusu, kabla ya kuhamisha umiliki, kulipia bima, na kufanya yale matengenezo ya mwanzo ambayo kila gari lililokwisha kutumika humdai mnunuzi wake mpya.

Mimi ni mhasibu, na tangu siku ya kwanza nimeandika kila shilingi iliyoingia kwenye gari hilo katika daftari moja lenye jalada gumu. Nililifungua nikitegemea kukuta gharama zikipanda mwaka hadi mwaka, jambo ambalo lingenirahisishia kazi. Sivyo nilivyokuta. Kulikuwa na oili, plagi, matairi, pedi za breki, betri mbili, na pampu ya maji moja mwaka 2019. Kilichonishtua ni kile ambacho hakikuwemo: katika miaka 8 hatukuwahi kubadilisha shokapu hata moja, na bushi zilizobadilishwa zilikuwa mbili tu, mwaka 2017. Tulikuwa tumeitunza injini kama mboni ya jicho, tukakisahau kila kilicho chini yake.

Baba alikuwa bado kwetu Tabata akisubiri miadi ya pili, na nikaona kwamba yeye ndiye mtu pekee katika nyumba ile mwenye haki ya kusema gari lipi ni bora, kwa kuwa mgongo ni wake. Nikamwomba kijana wa yadi atuongoze tuiendeshe ile nyeupe kwenye barabara mbovu, siyo kwenye lami mpya, na Baba akakaa nyuma kushoto, mahali pake pa siku zote. Tulizunguka karibu nusu saa. Tuliporudi nilimwuliza ameonaje.

"Mwanangu," akasema, "kiti ni kilekile. Ila hili halinigongi."

Niliyapima maneno hayo jioni kwa vipimo vya kiwanda, na nikakuta Baba hakukosea. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambao ndio unaoamua miguu ya abiria wa nyuma itakaa wapi, ni milimita 2,850 katika S180, na ni 2,850 katika S200. Urefu wa gari umeongezeka kutoka milimita 4,840 hadi 4,870, na upana kutoka 1,780 hadi 1,795. Tofauti ambayo mume wangu aliiona kwa macho, ya gari kubwa na pana zaidi, ilikuwa sentimita 3 za urefu na sentimita moja na nusu ya upana. Kwa hiyo swali langu halikuwa tena iwapo mrithi ana nafasi zaidi, bali kwa nini halikumgonga Baba, na iwapo hilo la kutogonga haliwezi kununuliwa peke yake.

Fundi wetu yuko mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, na tumekuwa naye tangu mwaka 2015. Nilimlipa ayapandishe magari yote mawili siku moja, na naona ile ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika jambo hili. Chini ya gari letu shokapu za mbele zilikuwa zimelowa oili iliyovuja. Bushi za mikono ya chini zilikuwa na nyufa ambazo kidole kiliweza kuingia. Raba mbili zinazoibeba injini zilikuwa zimelala kabisa, na ndizo zilizokuwa zikilifanya gari litetemeke asubuhi likiwa limesimama. Chini ya ile ya 2010 raba zilikuwa bado nzima, ingawa bushi za nyuma zilianza kupasuka. Miaka 5 ya raba: hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti aliyoisikia Baba.

Kisha fundi akafungua boneti zote mbili na kunionyesha kibao cha kila gari. Letu ni GRS180, lile ni GRS200, na injini ya yote mawili ni 4GR-FSE, ileile ambayo pia imo katika Mark X za lita 2.5 zilizojaa mjini, ndiyo maana spea zake hazisumbui kupatikana.

"Mama," akaniambia, "ukiinunua hii unanunua injini yako mwenyewe mara ya pili. Na hujui huyu aliyekuwa nayo alikuwa anamwaga oili lini."

Injini hiyo ina tabia moja ambayo kila mwenye Crown au Mark X anapaswa kuielewa kabla ya kubadilisha gari. Petroli yake hainyunyizwi kwenye njia ya hewa, bali moja kwa moja ndani ya silinda. Faida yake ni nguvu na matumizi mazuri ya mafuta. Hasara yake ni kwamba valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa hugandia juu yake ukawa kaboni, hasa kwa gari linaloshinda kwenye foleni za mjini bila kupata safari ndefu. Lita 3.5 ya S200 ilipewa nozeli za aina mbili, nyingine zikinyunyiza kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu zake huoshwa, lita 2.5 haikupewa. Kwa maneno mengine, kama ile nyeupe ilikuwa imeishi maisha ya mjini, kaboni yake ningeilipia mimi, wakati ya kwetu hupelekwa Same na kurudi kila baada ya miezi 3.

Niliomba karatasi ya mnada ya ile nyeupe, yaani ile inayoandikwa na mkaguzi wa Japani kabla gari halijauzwa, ikionyesha kilomita, daraja la gari, na kila mchubuko. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R humaanisha lilitengenezwa baada ya ajali. Yadi hawakuwa nayo. Dashibodi ilisoma kilomita 74,000, lakini ngozi ya usukani ilikuwa imekwaruka na ukingo wa kiti cha dereva umebonyea kuliko wa kwetu. Sikumshutumu mtu, nikaondoka.

Mume wangu alisema kwamba basi tuagize wenyewe kutoka Japani, na hapo ndipo nilipokaa na kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato, kwa usiku mbili. Kwa viwango vya mwaka ule, gari la abiria lenye injini inayozidi cc 2,000 lililipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli; juu ya jumla hiyo ushuru wa bidhaa wa asilimia 10; kisha ule tunaouita wa uchakavu, ambao ulikuwa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10; na juu ya vyote hivyo VAT ya asilimia 18. Tozo ya reli na ada ya forodha kwa pamoja hazikufika asilimia 3. Ukizipandisha ngazi hizo moja baada ya nyingine, Crown ya mwaka 2010, ambayo mwaka 2022 ilikuwa imezidi miaka 10, ilidaiwa karibu asilimia 109 ya thamani yake: ukiileta kwa dola 5,000, ulilipa kodi ya takriban dola 5,400. Ya mwaka 2013, ikiwa bado na miaka 9, ilidaiwa karibu asilimia 86.

Jambo hili linastahili kuangaliwa na kila anayefikiria kuruka kizazi kimoja. Ya mwaka 2013 si S200 tena, ni S210, iliyotoka Desemba 2012. Kwa dola 8,000 kodi yake ilikuwa kama dola 6,900, na jumla karibu 15,000, dhidi ya zaidi kidogo ya 10,400 kwa ile ya 2010. Tofauti ya bei kule Japani ilikuwa dola 3,000, na ikifika hapa ilikuwa kama 4,500, si 6,000 na zaidi kama ambavyo ingekuwa kwa kiwango cha uchakavu kilekile. Kwa mwenye fedha, mrithi wa mrithi ndiye aliyekuwa na hesabu nzuri zaidi kuliko mrithi mwenyewe, mradi gari lifike bandarini kabla umri wake haujavuka mstari.

Sisi hatukuwa na fedha hizo bila kukopa, lakini hata kama tungekuwa nazo kulikuwa na mambo mawili yaliyonizuia. Nyingi za S210 nilizozikuta zilikuwa haibridi, yaani ya petroli na umeme, ya silinda 4 yenye betri kubwa nyuma ya kiti cha abiria, na fundi wangu, ambaye ni mtu mkweli, alisema hana vifaa vya kuipima. Pia kiyoyozi chake huendeshwa kwa skrini ya kugusa, na maandishi ni ya Kijapani. Ninaishi na skrini ya Kijapani miaka yote hii na redio ambayo bila kigeuzi haivuki masafa ya 90, kwa hiyo silichukulii jambo hilo kuwa dogo.

Tuliamua kubaki na letu na kulirudishia kile lilichopoteza. Shokapu 4 mpya zilikuwa shilingi 1,240,000. Mikono ya chini na bushi zote, mbele na nyuma, 860,000. Raba za injini 380,000. Kusafisha valvu na nozeli 350,000. Oili ya giaboksi na chujio lake 290,000. Rejeta mpya pamoja na mipira yake 420,000. Jumla ni 3,540,000, chini ya robo ya pengo lile la milioni 16 na nusu. Nilisisitiza shokapu na raba ziwe mpya, siyo zilizotolewa kwenye gari jingine, kwa kuwa kununua raba ya zamani kungekuwa kurudi palepale. Kazi ilichukua siku 5. Mtetemeko wa asubuhi uliisha, na mjini gari likatoka kilomita 7 kwa lita hadi 8 na kidogo.

Siyo kila kitu kilirudi. S200 iko kimya zaidi kwa upepo ukizidi mwendo wa 80, na taa zake za mbele usiku ni bora waziwazi. Hayo mawili nayakosa, na mume wangu hunikumbusha kila tukisafiri gizani.

Nyuma ya daftari tuliandika mambo matatu ambayo lolote kati yake likitokea tutaliuza bila mjadala: giaboksi ikianza kuteleza, kutu ikishika sakafu, au matengenezo ya mwaka mmoja, ukiacha matairi na bima, yakizidi milioni 3. Tangu Oktoba 2022 tunaweka SACCOS shilingi 400,000 kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo. Mwaka 2023 matengenezo yalikuwa 870,000, na mwaka 2024 yalikuwa 1,150,000. Baba ametimiza miaka 80. Safari ya Desemba alilala tangu Mombo, matuta yote, na nikamwamsha Chalinze tunywe chai.