Mizani Sawa, Mahindi Mabichi

Wachungaji wa huku Busia, upande wa Uganda, wanapenda kutusomea sisi wauza nafaka Mithali 11:1: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Tunaitikia amina kwa sauti, kwa sababu mizani zetu ziko sawa. Wizi wa siku hizi hauhitaji kugusa mizani.

Mahindi yakitoka shambani yana maji. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chukua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, zianike mpaka zifike hapo: mizani itasoma kama kilo 95. Kilo tano zimekwenda na jua, na jua halilipi. Ndiyo maana wengi huuza mabichi, maji kwa bei ya nafaka. Yakikaa ghalani hivyo yanashika ukungu, ukungu unaleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Inamla mtu ini polepole, naye hatajua ilikuwa posho (unga wa ugali) iliyotoka ghala la nani.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu hiyo, mpakani tulipiga kelele: siasa hizo, wanalinda wakulima wao! Siku chache baadaye wakafungua kwa masharti, kukiwemo cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nilisikia watu wakiombea mpaka ufunguliwe. Aliyeombea turubai la kuanikia sikumsikia.

Mama yangu ni mlokole wa kizamani, wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kwao kuokoka kulionekana: mtu alirudisha mbuzi aliyemwiba, akalipa deni alilokuwa amelikana mbele ya wazee. Habari za sumukuvu hazijui. Nilipomweleza kwamba siku hizi nakataa mahindi yenye ukungu, hakunisifu. Aliuliza tu, "Na hayo uliyoyakataa, mwanangu, yamekwenda wapi?"

Hapo ndipo penye kazi. Mahindi mabovu huku hayatupwi. Ukiyakataa asubuhi, jioni yuko mtu atakayeyachukua kwa bei ya kutupa, ayachanganye na mazuri, ayasagishe, yaishie kwenye sufuria ya shule. Mikono yangu itakuwa safi na watoto watakula yaleyale. Kwa hiyo yakioza ndani ya ghala langu nayachoma, hata mume wangu akinuna (na hununa kweli, maana ada za shule zinatoka humohumo). Kwa wakulima nimeona kukataa peke yake hakusaidii. Mjane mwenye ua wa udongo ataanika wapi? Nimenunua maturubai ya kuwaazima wakati wa mavuno, na anayeleta makavu namwongezea kidogo kwa kila kilo.

Wengi wanarudisha. Kuna mama mmoja bado ana langu tangu msimu uliopita. Jumapili akiniona anapitia mlango wa upande wa kwaya.