Nchi ya Ubani ya Wana wa Hasarmawethi

Sura ya 10 ya Mwanzo wengi huiruka. Fulani akamzaa fulani na fulani, msomaji anakimbilia mnara wa Babeli. Mimi nilinasa kwenye aya ya 26, kwa wana wa Yoktani: Almodadi, Shelefu, Hasarmawethi, Yera. Huyo wa tatu anatajwa tena katika 1 Nyakati, basi. Hana tendo wala neno lililoandikwa. Ila jina lake bado liko kwenye ramani: ni Hadhramaut, kusini mwa Arabuni, walikotoka Washihiri wetu wa Mombasa na Unguja. Na biashara iliyowapa watu wake wa kale utajiri ilikuwa ubani.

Hadhramaut yenyewe iko Yemen, na kwa vita vya miaka hii sikuthubutu. Nikaenda Dhofar, kusini mwa Oman, kwa sababu miti iko huko, na wafalme wa Hadhramaut waliifuata hukohuko.

Kutoka Muscat hadi Salalah, mji mkuu wa Dhofar, ni kama kilomita 1,000, na ukishapita mji wa Adam ni jangwa tupu: lori la mafuta, kituo cha petroli, jangwa tena. Bahati yangu, niliketi na mzee mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyekuwa akienda kumtazama binti yake. Nilipomwamkia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza alicheka.

"Sema Kiswahili, mwanangu. Utajichosha bure."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wafuata nini Salalah, na mvua bado?"

Nikamwambia nafuata ubani.

"Ubani si umejaa tele sokoni Darajani, Unguja?"

Sikuwa na jibu la maana.

Mvua aliyoisema mzee ni ile inayoletwa na pepo zilezile za kusi tunazozijua pwani kwetu. Kuanzia Juni hadi Septemba milima ya Dhofar inayotazama bahari hugeuka kijani kibichi. Mubani haukai huko. Unataka mgongo wa mlima, ambako mvua haifiki ila ubaridi wa upepo hupenya. Ndiyo maana Wadi Dawkah, bonde la mibani lililo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, liko upande wa nyuma, kwenye barabara ya Thumrait, katikati ya changarawe.

Mti wenyewe haukuringii. Ni mfupi, umetawanya mashina tangu chini, na gamba lake la nje linabanduka kama karatasi iliyolowa. Dereva wangu, mtu wa milimani, alinipeleka bonde la jirani ambako kijana wa Kisomali alikuwa kazini. Wagemaji wengi siku hizi ni Wasomali. Mkononi alikuwa na patasi fupi butu, wenyewe huiita manqaf. Hakati kwa nguvu. Anakwangua gamba kipande kidogo, na papo hapo vitone vyeupe vinachomoza kwenye jeraha jekundu. Vya kwanza havina thamani. Atarudi baada ya kama wiki mbili akwangue tena palepale, kisha tena, na ubani mzuri ni wa mizunguko ya baadaye. Niligusa tone moja. Lilinganda kidoleni, na hata sabuni ya hotelini haikulishinda siku hiyo.

Lakini safari yote niliifunga kwa ajili ya Sumhuram, mji wa kale uliobaki magofu. Uko juu ya kilima, mashariki ya Taqah, ukitazama Khor Rori, hori ambalo mchanga umeliziba mdomo. Wenyeji wengi watakwambia hilo ni kasri la Bilkisi, malkia wa Sheba. Sheba naye ni mwana wa Yoktani, ndugu yake huyu wetu, na kwa kuwa alibahatika kupata malkia katika hadithi, kila jiwe la kale huko kusini anapewa yeye. Kwa Sumhuram nakataa. Lango lake ni jembamba, linapinda na kupanda, na ukutani yamechongwa maandishi ya Arabuni ya kusini yanayosema mji huu ulijengwa na mtumishi wa mfalme wa Hadhramaut, mwenyeji wa Shabwa. Dhuluma gani tena kumpa Sheba!

Ubani ulitoka hapa kwa bahari hadi bandari ya Qana, ukapanda ngamia hadi Shabwa, mji mkuu. Pliny, Mroma wa karne ya 1, anasema pale palikuwa na lango moja tu la kuupitishia, na aliyeiacha njia kuu aliuawa. Makuhani walichukua fungu la kumi kwa ajili ya mungu wao, wakilipima kwa kibaba, si kwa mizani. Baada ya hapo maji, malisho, walinzi, ushuru: hadi kufika Bahari ya Kati kila ngamia alikwisha kugharimu dinari 688. Sehemu nyingine ya biashara ilielekea mashariki, kwani ndani ya Sumhuram kilichimbuliwa kisanamu cha shaba cha mwanamke wa Kihindi.

Makumbusho ya Al Baleed, Salalah, ni mazuri, nendeni. Mimi nilichelewa sokoni Husn. Mama mmoja muuzaji alinipangia mafungu: wa kahawia wa kufukiza, na hojari, mweupe wa kijanikijani, unaolowekwa usiku kucha na maji yake yakanywewa asubuhi. Alinionjesha. Ni mchungu kidogo, halafu koo linapoa. Wa kufukiza nilijaziwa mfuko mzima. Wa kunywa nilichukua kiganja kimoja tu, maana alipotaja bei nilihisi makuhani wa Shabwa bado wanachukua fungu lao.