Kushona hukunifundisha

Jumamosi, usiku

Leo mteja amekuja kuchukua magauni manne ambayo hata kitambaa chake hakijakatwa. Oda aliweka wiki mbili zilizopita, nusu ya malipo alitanguliza, tarehe ya kuchukua tulimwandikia kwenye risiti. Ila kwenye kompyuta, ambako siku hizi ndiko tunakoingiza oda, jina lake halimo.

Aliyempokea ni fundi wetu mkongwe, mtu aliyeanza kushona kabla mimi sijazaliwa. Nikamwita pembeni nikamsema. Sauti sikupandisha, lakini karakana yetu ni chumba kimoja chenye watu sita, pembeni haipo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, kushona hukunifundisha. Na hili nalo hukunifundisha."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo, na mpaka sasa hayajanitoka.

Mwezi uliopita nilipoleta huo utaratibu wa kompyuta nilimwonyesha mara moja, tena huku simu iko sikioni, nikamwachia. Nilimwachia kwa sababu yeye ndiye ninayemwachia siku zote. Mpe kitambaa na vipimo, nenda zako, ukirudi nguo imekamilika. Kumbe nilikuwa nimeichukua sifa yake ya cherehani nikaibandika kwenye kompyuta, ambako yeye ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Na kwa umri wake, angeniulizaje mbele ya vijana?

Kinachoniuma ni kwamba somo hili nililisoma. Hersey na Blanchard, Wamarekani wawili, waliandika tangu mwaka 1969 kwamba hakuna mtindo mmoja wa kuongoza unaofaa kila mahali. Asiyejua kazi mwelekeze hatua kwa hatua. Anayejifunza kwa hamu mweleze na sababu zake. Anayejua ila anasitasita mshirikishe. Anayejua na kujiamini mwachie. Nilizikariri hizo ngazi nne kama vyeo, nikamvisha kila mfanyakazi cha kwake. Kilichonipita ni kwamba ngazi zile zinapimwa kwa kila kazi. Mtu mmoja anaweza kuwa juu kabisa asubuhi akiwa kwenye cherehani, na mchana akawa chini kabisa mbele ya kibodi.

Kwa binti anayekata nimekosea kinyume chake. Ukikosea kushona, unafumua. Ukikosea kukata, ndiyo basi, hakuna cha kufumua. Kwa hofu hiyo nimemsimamia begani mwaka mmoja na nusu. Miezi ya mwanzo ilikuwa sawa, naamini hivyo hata leo. Lakini juzi nilishinda nje asubuhi nzima, na niliporudi nikakuta kitambaa kimetandazwa mezani, chaki imeshachorwa, mkasi uko kando, naye amekaa. "Nilikuwa nakusubiri, bosi." Nikapima mstari mmoja mmoja. Yote sahihi. Saa nne za kazi zilikuwa zimepotea zikisubiri macho yangu.

Nikakumbuka utafiti wa mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake, wa mwaka 1939. Waliwakusanya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi kwenye vikundi vya kazi za mikono, kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, wakiongozwa kwa mitindo tofauti. Kwenye kikundi cha amri, kiongozi akitoka chumbani kazi inalegea. Kwenye kikundi cha kushirikishwa, inaendelea. Nilipousoma mara ya kwanza niliona ni mambo ya watoto.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema kiongozi mzuri ni yule anayeshirikisha watu kwenye kila jambo. Nimeshajaribu. Oda tatu za sare zilipogongana wiki moja, niliitisha kikao tuamue wote ianze ipi. Dakika 40 tukitazamana, mpaka anayeweka vifungo akachoka: "Bosi, wewe sema tu tuanze." Siku ile walihitaji mtu wa kukata shauri, na mtu huyo alikuwa ananyoosha mkono kuomba maoni.

Linalonisumbua zaidi ya yote ni hili la haki. Kwenye kampuni kubwa unaweza kumwachia mtu wa idara hii na kumkagua wa idara ile, wasijuane. Kwetu kila mtu anaona. Nimeshasikia mtu akinong'ona kwamba wengine wanaaminiwa na wengine wanachunguzwa, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nadhani nilichokuwa siwaambii ni "mpaka lini". Ukaguzi usio na mwisho mtu anausoma kama dharau, hata kama ulianza kwa nia njema. Kwa hiyo Jumatatu nitasema mbele ya wote: binti akate mwenyewe, isipokuwa vitambaa ambavyo vikiharibika hatuwezi kupata vingine. Kwa vitambaa hivyo tutaitana kwanza, yeyote anayekata, hata nikiwa mimi. Sijui kama kifua changu kitatulia siku ya kwanza. Pengine nitafute safari ya kwenda benki.

Kuhusu fundi, kabla ya kufunga nilimwomba radhi, mbele ya walewale waliosikia nikimsema. Nikamwambia Jumatatu tutakaa pamoja nusu saa, bila simu, tuingize oda zote za wiki mbili hizi. Akakubali. Akasema lakini atakuja na miwani yake, maana maandishi ya ile kompyuta hajawahi kuyaona vizuri.

Mwezi mzima. Wala sikuwahi kumuuliza.