TOI-700 d: kichujio kilikuwa kinameza sayari

Hatimaye kibonde cha TOI-700 d (mwanga wa nyota TOI-700 unavyopungua kidogo sayari yake d inapopita mbele yake, yaani upitaji) kimetokea pale kinapotakiwa, na kwa kina kinachotakiwa. Data ni za TESS, darubini ya angani inayotafuta sayari za nyota nyingine, mwaka wa kwanza wa kazi yake (sekta, yaani vipande vya anga inavyotazama kwa zamu, 1 hadi 13, anga la kusini), nukta moja kila dakika 2, safu ya PDCSAP (mwangaza ambao makosa mengi ya chombo yameshasahihishwa). Maktaba za Python ni lightkurve na wotan, kompyuta ni ya kawaida ya mkononi.

Sayari c haikuwahi kusumbua. Ina nusu kipenyo takriban mara 2.6 ya Dunia, inazunguka kwa siku 16.05, na ukijumlisha nukta za dakika 20 unaiona kwa macho. Iliyogoma ni d, na ndiyo tunayoitaka: siku 37.42, ukubwa unaokaribiana na wa Dunia, ndani ya ukanda ambao maji yanaweza kubaki kimiminika. Kila nikikunja data kwa siku 37.42 (kulaza mizunguko yote juu ya mmoja) nilipata mstari ulionyooka wenye vijeraha viwili vidogo, na kati yao hakuna kitu. BLS, mbinu ya kutafuta vibonde vinavyojirudia, nayo ilikataa kabisa kuinua kilele hapo.

Kilichofichua ugonjwa ni jaribio la kupandikiza. Unachagua sehemu tulivu za data, unapunguza mwangaza kwa sehemu 600 kwa milioni kwa muda wa saa 3.2, unarudia kila baada ya siku 37.42 ukianzia tarehe ambayo haigongani na sayari halisi, kisha unapitisha data hiyo kwenye hatua zote hadi mwisho. Kinachotoka unakilinganisha na ulichopanda. Kilichotoka kilikuwa vile vijeraha viwili, mwanzoni na mwishoni mwa upitaji, pande za nje zikiwa zimeinuka kidogo na katikati pamejazwa. Kwa hiyo data hazikuwa na kosa. Kibonde kilikuwa kinaliwa njiani.

Mlaji ni flatten, kichujio cha lightkurve kinachosawazisha mstari wa mwangaza. Usipoiambia kitu, inatumia dirisha la nukta 101 na polinomia ya daraja la pili. Kwenye data za Kepler, darubini iliyoitangulia TESS, za dakika 30, nukta 101 ni zaidi ya siku mbili, na upitaji wa saa chache unapita salama. Kwenye data za dakika 2, nukta 101 ni dakika 202, yaani saa 3 na dakika 22. Upitaji wa d unachukua kama saa 3.2, nukta 96. Dirisha na kibonde vina upana uleule! Chekecheke lenye matundu sawa na punje haliwezi kutenganisha mchele na chenga. Kichujio kikifika katikati ya upitaji, karibu nukta zote za dirisha ziko chini, kinaamua kwamba hicho ndicho kiwango cha kawaida cha nyota, kisha kinagawanya. Ule utaratibu wa kutupa nukta zilizozidi sigma 3 (mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida) hausaidii hapa, kwa sababu kelele ya nukta mojamoja ni kubwa kuliko kina chenyewe, na hakuna nukta ya upitaji inayojitenga na wenzake.

Hii pia inaeleza kwa nini c ilipona. Njia yake inakata pembeni mwa uso wa nyota, upitaji hauzidi saa moja na nusu, halafu kina chake ni kikubwa mara kadhaa. Ukiona sayari moja imetoka vizuri usidhani kichujio ni kizima kwa zote. Pima kwa ile ndefu na hafifu.

Mpangilio unaofanya kazi sasa ni wa mizunguko miwili. Kwanza wotan, njia ya biweight (wastani usioyumbishwa na nukta za ajabu), dirisha la siku 1, break_tolerance nusu siku (pengo refu kuliko hapo linagawa data vipande), edge_cutoff nusu siku (kinachotupwa kwenye kingo). Watengenezaji wake wanashauri dirisha lisipungue mara tatu ya urefu wa upitaji, ambayo hapa ni saa 9.6. Nimekwenda mbali zaidi kwa sababu nyota hii inajizungusha kwa takriban siku 54 na ni tulivu, kwa hiyo hakuna haja ya kubana. Kinachoondolewa ni kuyumba kwa chombo tu. Ukishapata muda na tarehe, tengeneza kinyago kwa create_transit_mask ukiongeza saa moja kila upande, rudi kwenye PDCSAP ambayo haijasawazishwa na uisawazishe upya, nukta za upitaji zikiwa zimefichwa. Kupima kina kwenye data iliyosawazishwa bila kinyago ni kujidanganya, hata kama dirisha ni pana.

Kingo zinahitaji ukali. TESS inazunguka Dunia kwa siku 13.7, na kila sekta ina pengo katikati wakati data zinateremshwa. Kabla na baada ya pengo, mwanga uliotawanyika wa Dunia na Mwezi unapandisha mstari, na upitaji ulioangukia hapo ni bora uutupe. Kwenye sekta 1 ondoa pia BTJD (hesabu ya siku ya TESS) 1347 hadi 1349, chombo kilikuwa kinatikisika. Alama za ubora hazikamati kila kitu, kwa hiyo angalia kwa macho yako.

Kuhusu zana: lightkurve naipenda kwa kushusha data na kutengeneza vinyago, ila thamani zake za msingi zilipaswa kuhesabiwa kwa saa badala ya nukta. Kwa utafutaji, TLS, mbinu nyingine ya aina hiyo, inaishinda BLS kwenye sayari ndogo kwa sababu inatumia umbo halisi la upitaji lenye kingo za mviringo. Ni nzito, lakini jumlisha nukta za dakika 10 baada ya kusawazisha na mashine itapumua; upitaji wa saa tatu hauumizwi na hilo.

Sasa namba. Kina kinaangukia karibu na sehemu 550 kwa milioni. Mzizi wake wa kipeo cha pili, ambao ndio uwiano wa nusu kipenyo cha sayari kwa cha nyota, ni 0.0235. Nyota ina nusu kipenyo 0.42 ya Jua, yaani 45.8 za Dunia, kwa hiyo sayari ni 1.07. Hiyo inakubaliana na thamani iliyochapishwa 2023. Ile ya 2020 ilikuwa 1.14. Kichujio kikila nusu ya kina, 1.07 inakuwa 0.76, na hapo umeshatangaza sayari nyingine kabisa.

Nusu kipenyo cha nyota kina nguvu zaidi ya kina, kwa sababu chenyewe hakipiti kwenye mzizi. Mwanzoni kumbukumbu za TESS ziliiweka TOI-700 kama nyota inayofanana zaidi na Jua, na sayari zake zikaonekana kubwa na za moto. Waliogundua kosa hilo ni watu kadhaa, akiwemo Alton Spencer, mwanafunzi wa sekondari. Hilo linastahili heshima kuliko hesabu nyingi za kompyuta.

Tungamo la nyota, 0.415 la Jua, linaiweka sayari kwenye umbali wa AU 0.163 (AU 1 ni umbali wa Dunia hadi Jua). Joto la uso wa nyota, kelvini 3,480, linatoa mwanga wa 0.023 wa Jua, na sayari inapokea karibu 0.87 ya kile kinachoifikia Dunia. Kwa albedo (sehemu ya mwanga inayoakisiwa) ya 0.3, joto la mizani, yaani bila msaada wa angahewa, ni kelvini 247, nyuzi 26 chini ya sifuri. Dunia yenyewe kwa hesabu hiyohiyo ni 255, na angahewa ndiyo inayoongeza zilizobaki. Angalieni, mwanga wa nyota unafuata kipeo cha nne cha joto lake: ukikosea kelvini 60 kwenye nyota, mwanga unahama kwa asilimia 7. Kama d ina angahewa, hizi data hazisemi. Hazisemi hata kama ni mwamba, maana upitaji hautoi tungamo. Kinachotia moyo ni kwamba TESS haikuona milipuko kwenye nyota hii kwa miezi 11, tofauti kabisa na nyota jirani Proxima Centauri.

Hatua iliyopangwa ilikuwa kulinganisha umbo la upitaji pamoja na giza la kingo za nyota. Nimeiweka kando, kwa sababu kichujio kikiwa kizima swali linakuja lenyewe: je, sayari e ya nyota hiyohiyo inaonekana? Siku 27.8, nusu kipenyo 0.95, kina kama 430 kwa milioni. Sekta ni kama siku 27.4, kwa hiyo tarehe za upitaji zinasogea chini ya nusu siku tu kila sekta, na zikianza kuangukia kwenye pengo zinaendelea kuangukia hapo. Mwaka wa kwanza pekee haukutosha hata kwa watafiti walioitangaza Januari 2023. Sekta 27 hadi 39 zinashuka sasa, dirisha ni lilelile la siku 1, na jaribio la kupandikiza litatangulia safari hii.